Kiti Kisicho na Msumari

Nyololo, Alhamisi alasiri

Mwanangu Atilio,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Asubuhi nimekuona ukilifunga sanduku lako kwa kamba ya katani, mafundo matatu, kama mtu asiyetaka kulifungua tena. Hali yangu mimi si nzuri, na safari hii si kifua. Ndiyo maana naandika.

Habari za sweta, za maji ya kuchemsha na za kutopanga nyumba yenye walevi, mama yako atakupa. Msikilize. Mimi hayo sitayagusa. Umekwenda kumuaga bibi yako na ninavyomjua hatakuachilia mpaka umalize chungu kizima, kwa hiyo nina muda. Nimekaa karakanani, karatasi iko juu ya meza ya kazi, penseli ni ile yako uliyoisahau dirishani. Nimeichonga kwa patasi. Usinikaripie.

Kwetu, baba akimkosea mwana hamwendei mwenyewe. Humtuma mjomba. Mjomba anakuja, anakohoa, anazungumzia mvua, anazungumzia mahindi, halafu akiwa ameshasimama kuondoka anasema, "Na baba yako naye ni binadamu." Basi, yamekwisha. Jumapili baada ya misa nilimfuata mjomba wako nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema, "Shemeji, hili ni lako. Mimi mdomo wangu haulibebi." Ndiyo maana leo unausoma mwandiko wangu mbaya.

Unaikumbuka siku uliyorudi kutoka shule ya ufundi na cheti chako? Hukupumzika hata kidogo. Ulikuja hapa hapa, ukatandaza mchoro juu ya meza hii, ukaugandamiza kona moja kwa nyundo, nyingine kwa tupa, nyingine kwa randa, na ya nne ukaishika kwa kidole. Ukasema, "Baba, kiti hiki hakina hata msumari mmoja." Ukanionyesha jinsi mbao zinavyopenya mbao nyingine na kutokeza upande wa pili, na kabari nne ndogo zinavyozikaza. Ukitaka kukisafirisha, unagonga kabari zitoke, kiti kinalala bapa, na lori moja linabeba vingi kuliko viti vya kawaida mara tatu. Ulikuwa unaongea upesi upesi. Sijapata kukusikia ukiongea hivyo tangu ukiwa mdogo.

Nami nikacheka. Tena sikucheka peke yangu, nilimwita jirani aje tucheke wote. "Njoo uone! Mwanangu amekaa shule miaka mitatu ili aje atukalishe kwenye karatasi!" Ukaukunja mchoro wako taratibu, ukasema, "Ndiyo, baba."

Atilio, nilikuwa nimeuelewa. Kabla hujamaliza kueleza nilikuwa nimeshaona kwamba kiti kile ni kizuri, na ndiyo sababu nilicheka.

Ngoja nikuambie jambo ambalo hata mama yako sijamwambia. Ufundi nilifundishwa na Bruda mmoja wa misheni kule Iringa, mtu mkali mwenye ndevu nyekundu, ambaye alikuwa akituwekea benchi mbele yetu na kusema, "Hivi hivi." Tukatengeneza hivi hivi. Nilikuwa bora kuliko wenzangu wote. Nionyeshe kabati mara moja tu, kesho nitakutolea pacha wake, hata mwenyewe atashindwa kuchagua. Watu wa huku wananiita fundi na ni kweli. Lakini tangu nishike randa, hakuna kitu hata kimoja kilichoanzia kichwani mwangu. Hata kigoda! Nimekuwa nikiiga mpaka mvi zimeniota. Halafu wewe, ambaye juzi tu nilikuwa nakupangusa makamasi, unatandaza mbele yangu kiti ambacho hakijawahi kuwepo duniani. Niliona wivu. Haya, nimelisema. Baba amemwonea wivu mwanawe, na mwanawe hakumfanyia neno lolote baya.

Ukaenda Mbeya kutafuta kazi, mwanzo wa masika. Mambo ya huko hukunisimulia mimi, ulimsimulia mama yako jikoni, nami nikayasikia kupitia ukutani. Ofisi ya serikali walikuambia mchoraji wanaye. Mhindi wa kwanza mwenye karakana alikuambia urudi baada ya Pasaka. Wa pili alikutazama viatu, hakutazama karatasi. Mmoja akakupa ufagio ufagie maranda, ukafagia siku sita ukidhani ndiyo mlango wa kuingilia, kumbe ni ufagio tu. Na kila jioni ulikuwa unaipangusa ile michoro isiingie ukungu, maana Mbeya kwa unyevu hakuna mchezo.

Basi wakati wewe unafagia maranda ya watu, mimi nilikuwa natengeneza kiti chako. Mchoro ulikuwa umeuacha nyumbani, ukachukua ule mwingine uliounakili. Nilijiambia najaribu tu. Nilikuwa na mbao za mninga zilizoletwa kutoka upande wa Idodi, zimekaa zinangojea mteja. Nikakata, nikatoboa, nikaunganisha. Kabari zako sikuziamini, nikapigilia kila moja msumari mdogo kisha nikauficha kichwa chake kwa gundi na vumbi la mbao. Nikajiona mjanja. Nikasema moyoni, mtoto ana wazo, ila bado hajajua kazi.

Wiki ile ile lori la Bwana Kartar likaharibika hapa barabarani. Unamjua sasa, yule Kalasinga mwenye karakana kubwa ya samani Iringa mjini. Wakati dereva wake yuko chini ya gari, yeye alikuja kujikinga mvua humu. Akakaa juu ya kiti kile. Akainuka, akakigeuza, akapiga magoti kwenye maranda na suruali yake safi. Akauliza, "Mzee, nani amekifikiria kiti hiki?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Miaka yote watu huniuliza bei, na kitakuwa tayari lini. Nami nikajibu, "Mimi."

Lilitoka lenyewe. Ningeweza kulirudisha, mvua ilikuwa kubwa na yule bwana alikaa muda mrefu tu. Sikulirudisha. Akaniagiza viti vingi kuliko nilivyopata kuagizwa na mtu yeyote, kwa ajili ya nyumba za Wazungu wa mashamba ya chai. Jioni ile nilikwenda kilabuni, nikanywa ulanzi, nikawaeleza watu habari za kiti changu. Nikasema changu. Ukiwauliza watakuambia nilivyotamba.

Uliporudi kutoka Mbeya mikono mitupu, ulikuta viti vimejaa humu mpaka mlangoni. Nimeiwazia siku ile mara nyingi. Ulisimama kizingitini na sanduku lako begani. Ukavitazama. Ukasema, "Kamwene, baba." Nikaitika. Nikakuambia, bila kukutazama, "Ule mchoro wako nimeurekebisha kidogo." Ukaweka sanduku chini, ukachukua msasa, ukaanza kusugua kiti kilichokuwa karibu nawe. Ulisugua viti vyako mwenyewe wiki mbili nzima na hukuniuliza neno. Nami nilikuacha usugue. Nikakusifia hata, nikakuambia una mkono mwepesi.

Haya mabati yaliyo juu ya kitanda chako yametoka kwenye viti vile. Kila mvua ikinyesha nilikuwa nayasikia yananisuta. Mama yako akafurahi mno, maskini, akisema sasa hatuhangaiki tena na nyasi zinazovuja. Sikuweza kufurahi naye.

Halafu ukaenda Iringa kwa Bwana Kartar. Hukujua kwamba mimi nilikuwa nimesema "mimi". Ulidhani nimetumia mchoro wako kama mzazi anavyotumia jembe la mwanawe, na kwamba mwenye karakana akiona michoro yako mingine atakupa nafasi. Ukarudi siku ya pili. Mama yako akakuuliza, ukasema, "Hawana nafasi." Ukala, ukalala.

Wiki iliyofuata Bwana Kartar akaja kuchukua viti vilivyobaki. Alikuwa anacheka. "Mzee, una wezi! Kijana mmoja mwembamba amekuja kwangu na kiti chako kwenye karatasi. Ati amekichora yeye. Nikamwambia mbele ya mafundi wangu wote, wewe umemwibia mzee wa Nyololo. Unajua alijibu nini? Hakujibu. Alikunja karatasi zake akaondoka."

Atilio, pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Ulikuwa nyuma ya nyumba unapasua kuni, nilikuwa nasikia shoka lako. Nikamtazama yule bwana, nikasema, "Vijana wa siku hizi."

Maneno manne. Akacheka, nami nikacheka naye, tukapakia viti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kujua ulifikiri nini uliposimama mbele ya wale mafundi. Ungeweza kusema, "Huyo mzee ni baba yangu, na kiti ni changu." Ungekuwa umesema kweli tupu. Lakini ungekuwa umemvua baba yako nguo mbele ya watu, na mimi ndiye niliyekufundisha tangu hujaota meno kwamba mtoto hafanyi hivyo. "Mkubwa akikosea, nyamaza." Nilikuchapa kwa sababu ya hilo, unakumbuka, siku ile ulipomsahihisha katekista mbele ya watu. Na katekista kweli alikuwa amekosea. Basi ulinyamaza. Ulitii fundisho langu vizuri kuliko nilivyostahili, nikalitumia kama shuka la kujifunikia. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe chako kilikuwa mezani, kinakula nawe sahani moja.

Usije ukadhani nilibadilika kwa wema. Kiangazi kiliingia, mninga ukakauka, viti vikaanza kulegea. Bwana Kartar akanirudishia viwili, vinacheza huku na huku. Akasema, "Mzee, wewe ndiye umekifikiria, nieleze. Kabari hii kwa nini imelazwa hivi? Kwa nini hapa umeacha nafasi?" Nikakigeuza kiti. Nikakigeuza tena. Nikasema ni hali ya hewa. Loo! Fundi mzima, nimesimama mbele ya kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu na sijui kwa nini kiko hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale.

Siku chache baadaye ukatuambia binamu yako ameandika, kwamba kule Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu wanahitaji mikono. Mikono! Nilitaka kusema kitu nikakohoa. Kesho yake mama yako akaja humu na bunda la karatasi, akaliweka juu ya randa yangu. Akasema, "Baba Atilio, mtoto ameniambia hizi nikokee moto. Zimejaa jina lake kila kona. Mimi siwezi kukokea moto jina la mwanangu. Wewe kama unaweza, haya." Akarudi jikoni. Sijui anajua kiasi gani. Nadhani anajua yote.

Nikazifungua. Mchoro wa kiti ulikuwa wa juu. Safari hii nikausoma. Maana ule wa kwanza, mwanangu, niliutazama picha tu, maandishi sikuyajali. Pale chini, kwa herufi zako ndogo, umeandika: "Kabari isipigiliwe msumari. Mbao ikikauka hulegea. Mwenye kiti aigonge kidogo kila kiangazi, nacho kitakaza tena." Ulikuwa umeacha nafasi ya kabari kuingia zaidi mwaka hadi mwaka. Ulikuwa umekifikiria kiti kile mpaka uzee wake, na mimi nikakipigilia msumari.

Ndipo Jumanne nilipowaambia nakwenda Iringa kununua gundi.

Bwana Kartar alikuwa kwenye meza yake. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia bei za mbao. Nikasema, "Kile kiti sikukifikiria mimi. Yule kijana uliyemfukuza ndiye aliyekichora."

"Yule mwembamba?"

"Ni mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

Akapangusa vumbi la mbao mezani kwa kiganja, polepole, mara mbili. Akasema, "Mimi nilimwita mwizi mbele ya watu. Mbona hakusema?"

Nikamwambia, "Nilimlea hivyo."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniuliza kama nina aibu nikasema ninayo. Halafu akasema hivi, nami nakuandikia neno kwa neno nisije nikarekebisha kidogo tena: "Mlete. Aje avirudishe viti vyote viwe kama alivyovichora. Vikikaza, kuna meza dirishani, atakaa hapo achore. Visipokaza, atarudi kwenu. Na mimi nitamwambia neno langu mbele ya mafundi wale wale. Lakini wewe mzee, usiniletee kazi yako tena." Nikasema sawa. Ni haki yake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nilirudi na gundi kweli. Ukanipokea kikapu, ukauliza, "Baba, gundi ilipatikana?" Nikasema ilipatikana. Jana nilifungua mdomo mara mbili, mara ya kwanza ulipokuwa unanoa shoka, mara ya pili tulipokuwa tunanawa mikono. Nikakuuliza kama baridi imezidi. Ukasema imezidi. Ona nilivyo mwoga, mzee mzima.

Sasa sikiliza, na hili si agizo. Kuchimba si aibu. Kama unakwenda Makongolosi kwa sababu unataka kuiona dhahabu na kukaa na binamu yako, nenda, baraka zangu unazo zote. Lakini kama unakwenda kushuka shimoni ili watu wasijue baba yako alifanya nini, hilo shimo ni langu, niachie. Hudaiwi kunificha. Na lile fundisho la kunyamaza, nakuomba ulitoe kama unavyotoa msumari uliopinda: polepole, usipasue mbao. Heshima ibaki, sipendi uwe mtu wa kujibizana na wakubwa. Ila mtu akikuuliza kazi hii ni ya nani, na ni yako, mjibu ni yangu, hata kama aliyekaa pembeni anajidai nayo ni mimi. Hasa akiwa mimi.

Msamaha sikuombi leo. Ukinipa leo utakuwa umenipa kwa sababu umezoea kusema "Ndiyo, baba." Kaa nao. Ukiuona unakuja wenyewe baada ya mwaka, au miwili, utaniandikia. Usipokuja, niandikie hata hivyo, hata habari za baridi.

Michoro yako nimeirudisha sandukuni, chini ya sweta. Ndiyo, nimefungua mafundo yako matatu, nimeyafunga tena. Na jana, ulipokwenda kanisani kuaga, nimemaliza kiti kimoja. Nimefuata mchoro kila mstari, nimesoma kila neno, sikuongeza kitu. Hakina msumari. Nimekikalia mara moja kukijaribu, na mimi si mwepesi, kimenyamaza kimya. Chini ya ubao wa kukalia nimechonga jina lako kwa patasi ndogo. Nimegonga kabari zikatoka, nimekilaza bapa, nimekifunga kamba.

Basi la Mbeya, njia ya Makongolosi, hupita kwanza, husimama upande huu wa kanisani. La Iringa huja baada yake, husimama ng'ambo, penye duka. Kesho ukiondoka sitatangulia mbele yako kama mzee anayekwenda kutoa baraka. Nitakuja nyuma yako, kiti kikiwa begani kwangu. Upande utakaosimama wewe, nitasimama hapo hapo, wala sitakuuliza. Watu wa kilabuni watakuwepo, asubuhi hawakosi pale barabarani, na kwa umbea wao lazima mmoja ataniuliza, "Fundi, hicho kiti chako unampelekea nani?"

Nitamjibu mbele yako, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: si changu. Ni cha Atilio. Mimi nakibeba tu.

Baba yako